Tupeane uzoefu: beringi za tairi, ulijuaje zimekufa na ulibadilishaje?

Wakuu habari za leo. Naanzisha huu uzi maana kuna hela nimepoteza ambayo mwenzangu anaweza kuiokoa. Nina gari ya Toyota IST, mwaka jana ikaanza kuvuma, ukifika 60 unausikia, 80 inakuwa kama kuna ndege inapita juu ya paa, ukitoa mguu kwenye mafuta haubadiliki, unashuka tu spidi ikishuka. Kila niliyemuuliza akasema tairi. Nikanunua mbili mpya za mbele, nikafanya na wilbalansi, nikatoka nazo mpaka Kibaha, mvumo uleule.

Aliyenisaidia ni fundi mmoja mzee, hata boneti hakufungua. Akakaa kwenye usukani, barabara ilipokuwa nyeupe akawa anayumbisha gari taratibu kushoto kulia. Akikata kulia mvumo unapanda, akikata kushoto unapungua. Akasema ni ya mbele kushoto, kwa sababu ukikata kulia uzito wote unalalia upande wa kushoto. Tukarudi tukapiga jeki, gia nyutro, akanishikisha springi ya shokapu huku yeye anazungusha tairi kwa mkono. Jamani, nilisikia kwenye vidole kitu kinakwaruza kama unasaga mahindi makavu, tukahamia kulia springi imetulia kabisa.

Sasa kosa langu, kufunga beringi mpya sikumwachia yeye, nikapeleka gereji ya karibu na nyumbani wakaipigilia na nyundo. Miezi miwili mvumo ukarudi. Mara ya pili ikapelekwa kwenye mashine ya presi na mpaka leo iko kimya. Wewe yako ilikuwaje?

#2
Mimi ilikuwa kinyume chako mkuu. Nilishanunua beringi kabisa, zote mbili za nyuma, ndo jamaa akaniambia kabla hujafungua hamisha tairi, za nyuma peleka mbele. Mvumo ukahamia mbele! Nikapitisha kiganja juu ya tairi nikakuta imelika mawimbimawimbi, mlima bonde mlima bonde, kwa macho huoni ila mkono unasikia. Shokapu zilikuwa zimekufa ndo zinarukisha tairi. Kwa hiyo wadau, kuhamisha tairi ni bure, anzeni na hilo.

#3
Fundi hapa, niko kwenye hii kazi miaka 14, naomba niongeze kidogo. Ukishapiga jeki shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza usikimbilie kusema beringi, mwambie mtu akanyage breki halafu tikisa tena. Mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki angalia boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachoshika mkono wa tairi). Ikicheza kushoto na kulia tu ukiishika pembeni, hapo mara nyingi ni taerodi (chuma cha usukani kinachogeuza tairi). Ila mjue beringi inaweza kuvuma muda mrefu bila kucheza hata kidogo, kwa hiyo tairi kutocheza haimaanishi beringi ni nzima. Na ile ya kukata kona kuna siku inadanganya, mimi lazima nishike springi ndo niamini.

Kuhusu nyundo mleta uzi kaongea jambo linaloniuma sana. Beringi ukiiingiza kwenye chuma chake unasukuma ringi ya nje, ukiingiza habu (kitovu kinachofungwa tairi) unashikilia ringi ya ndani. Ukisukuma ringi isiyo yake nguvu yote inapita kwenye gololi, zinaacha alama kwenye njia yake, na hapo beringi mpya umeshaiua kabla gari haijatoka gereji. Pia habu ikitoka ringi ya ndani ya beringi ya zamani huwa inabaki imeng'ang'ania, itoeni kwa pula (kifaa cha kuvutia), na mkikuta habu yenyewe imelika badilisheni. Nati ya shafti nayo kila gari ina kipimo chake, ikazwe kwa spana ya kipimo gari ikiwa bado juu huku mtu amekanyaga breki, sio kukaza mpaka mishipa ya shingo itoke.

#4
Niko Nairobi, gari ni Nissan Note. Nilinunua beringi Kirinyaga Road mekanika akafunga poa kabisa, kelele zikaisha, lakini kuwasha gari taa ya ABS (breki za kuzuia tairi kujifunga) haizimi. Tukabadilisha sensa, bado. Kumbe beringi yenyewe iko na upande, upande mmoja ile sili imebeba sumaku na ndio sensa inasoma, sasa alikuwa ameigeuza. Na ukishaipresi huwezi kuitoa ikabaki nzima, ilibidi ninunue ingine. Siku hizi nachukua klipu ya karatasi nagusisha pande zote mbili, upande unaoshika ndio unaangalia sensa.

#5
Sisi wa pikapu za zamani zenye beringi za kufungua na kupaka grisi tuna shida yetu. Kijana alinikazia nati mno, toka Singida hata Manyoni sijafika habu haishikiki kwa moto. Unakaza huku unazungusha tairi ili zikae vizuri, halafu unalegeza, unakaza tena kidogo tu. Na grisi ya zamani ioshwe yote, msichanganye.

#6
Naomba na mimi niseme, niliupuuza mvumo miezi minne kwa sababu gari ilikuwa inatembea. Nilikuwa nimepita kwenye maji ya mafuriko pale Jangwani, Dar, yalifika katikati ya tairi, nadhani yaliingilia hapo. Baadaye breki ikawa inaingia ndani, nakanyaga mara ya kwanza inazama, ya pili ndo inashika, nikadhani mafuta ya breki. Kumbe disk inayumba na beringi inasukuma pedi zinarudi nyuma. Nilikuwa na watoto wangu wawili nyuma siku tairi la kulia lilipoanza kutoa harufu ya grisi inayoungua, nikaweka pembeni nikaita fundi. Alivyofungua alinimwagia kiganjani kilichobaki, gololi chache zimekuwa za bluu kwa moto na moja imepasuka nusu, nyingine zimesagika zimekuwa unga mweusi na grisi imekauka kama masizi ya sufuria.