Tupeane uzoefu: unaandaaje mchunga na mboga nyingine chungu bila kumwaga dawa yake?

Habari zenu, ndugu zangu. Nimeanzisha uzi huu baada ya mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Handeni kukaa nami hapa Tandika, kuonja mchunga wangu na kuniambia kwamba nimempikia majani matupu. Nilikuwa nimeuchemsha mara mbili, nikaukamua kwa nguvu na kumwaga maji yote ya kijani, kwa sababu watoto hawapendi uchungu. Kesho yake alinionyesha anavyofanya yeye: majani huoshwa yakiwa mazima, hukatwa pale tu sufuria inapokuwa imeshachemka, hutiwa kwenye maji kidogo sana yenye chumvi na kufunikwa kwa dakika tatu hivi, kisha maji yanayobaki hukaushiwa humo humo kabla ya kuongeza nyanya chungu, kitunguu na tui la kwanza. Uchungu ulibaki, lakini tui liliupoza, na watoto wakala. Nimeamini njia yake, maana vitamini C huyeyuka majini na kuharibika kwa moto mrefu, na karotini iliyomo kwenye majani mabichi hufyonzwa vizuri zaidi mwilini ikiliwa pamoja na mafuta. Wenzangu mnafanyaje?

Mchangiaji wa Mbagala:
Asante kwa mada hii, dada yangu. Sisi wa Shinyanga tunapika mgagani kwa maziwa au karanga zilizotwangwa, navyo hupunguza ukali wake bila kulazimika kumwaga maji. Naomba tuache magadi, ambayo mimi mwenyewe niliyatumia kwa miaka mingi. Ni kweli hulainisha majani upesi na kuyaacha na rangi nzuri ya kijani, lakini huharibu vitamini C.

Mchangiaji wa Ilala:
Mimi ni mgonjwa wa kisukari, na mboga yangu ni karela. Siikwangui maganda, wala siilazi kwenye chumvi na kuikamua kama wengi wanavyofanya. Naondoa mbegu, naikata vipande vyembamba na kuikaanga kwa kitunguu na embe bichi, kwani ukali wa embe hufanya uchungu usisikike sana. Hata hivyo kuna jambo nataka mlizingatie sana. Niliwahi kunywa juisi yake mbichi kila asubuhi juu ya vidonge vyangu, hadi siku moja nikiwa kituo cha daladala mikono ikaanza kutetemeka, jasho jembamba likanitoka na macho yakaingia giza. Sukari ilikuwa imeshuka. Karela inaweza kushusha sukari, kwa hiyo anayetumia dawa amweleze daktari wake kabla ya kuifanya tiba.

Mwanzisha uzi:
Pole sana, kaka yangu. Mama naye anatumia vidonge vya sukari, na wiki hii alikuwa ameniagiza karela sokoni. Nitamsomea maneno yako kabla sijamnunulia.