Naomba ushauri: mwani kwenye kioo, nautundikaje na niupe majina gani?

Bi_Mwani
Wakuu salaam. Nafanya sayanotaipu, zile chapa za buluu za jua. Nalaza mwani wa Jambiani juu ya karatasi au kioo kilichopakwa dawa, naanika juani, nasuuza kwa maji. Nimepata ukumbi Mji Mkongwe, chumba cha chini, kuta za chokaa, dirisha moja la magharibi. Karatasi hazinisumbui. Vioo ndiyo shida: nikivibana ukutani buluu inazama, mwani hauonekani. Halafu majina. Nimeandika "Machozi ya Bahari", "Siri ya Kilindi", dada yangu anasema hizo ni taarabu.

Fundi_Vioo
Uzito kwanza. Kioo cha milimita 4 ni kilo 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo cha sentimita 40 kwa 50 ni kilo 2, na ukikifunika kwa cha pili ni 4. Msumari kwenye plasta ya chokaa kuukuu utatoka na unga wake. Omba ruhusa uning'inize kwenye boriti kwa waya. Kiache mbali kidogo na ukuta, taa itoke upande, kivuli cha mwani kiangukie kwenye chokaa. Upande wenye jelatini, ule utando unaoshika dawa kwenye kioo, uwe ndani. Masika hulainika na kuota ukungu.

Mpiga_Chapa
Chokaa yenyewe ni adui wa buluu hiyo! Alkali huigeuza manjano hafifu. Za karatasi zisiguse ukuta, bandika vipande vya koki (ile ya vizibo vya chupa) nyuma ya fremu. Dirisha lizibe. Ikipauka kwa mwanga hurudi kiasi ukiiweka gizani, ila ikiliwa na alkali ndiyo basi.

Mkwezi_wa_Paje
Dada yako kasema kweli 😂. Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kurasa zake za mwani 1843, mwaka mmoja tu baada ya John Herschel kuvumbua njia hii, na aliziita kwa majina ya kisayansi basi, kwa mwandiko wake, nao umechapwa kwa buluu ileile. Lakini wake ulikuwa wa kuokota. Wako umelimwa, kuna mama kaufunga kwenye kamba maji yakiwa yametoka. Mimi ningeandika aina, pwani na maji: "Spinosamu, Jambiani, bamvua". Kama unayo kotonii, aina nyingine ya mwani wa kulimwa, ipe ukuta peke yake, joto la bahari limeifanya adimu.

Bi_Mwani
Hapo nimeelewa. Kwenye lebo niweke namba ya toleo, yaani chapa ya ngapi kati ya ngapi?

Mpiga_Chapa
Toleo la nini? Umelaza mwani wenyewe, hakuna negativu, haurudiwi. Andika "kipande pekee". Jina, mwaka, "sayanotaipu na jelatini kwenye kioo", kimo kisha upana. Bei ikae mezani.

Bi_Mwani
Kotonii ninayo moja, kioo kina ufa pembeni.

Fundi_Vioo
Kitundike na ufa wake. Zungushia kingo utepe wa shaba kisije kikamkata mtoto.