Nina mimba ya wiki 9 na napiga eksirei wodini: nimwambie mkuu wa idara sasa au nisubiri?

BintiKasulu
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mteknolojia wa radiolojia mkoani Kigoma, hospitali naomba nisiitaje. Idara nzima tupo wawili. Mgonjwa asiyeweza kuja chumba cha eksirei tunamfuata wodini na mashine ya magurudumu. Wengi ni vijana wa bodaboda waliovunjika, na watoto wenye nimonia.

Nimejijua nina mimba, ya kwanza baada ya miaka minne ya kusubiri. Tangu hapo kila nikibonyeza kitufe moyo unanienda mbio. Kinachonitesa zaidi ni waya wa hicho kitufe. Ulikatika mwaka jana, ukaunganishwa na kuzungushiwa plasta ya kidonda, ile nyeupe, na ukabaki mfupi. Hata niunyooshe vipi, nasimama karibu na kitanda kiasi cha kusikia mgonjwa anavyohema. Aproni ya risasi, ile metali nzito ya kuzuia mionzi, ipo moja, inakunjwa na kutupwa juu ya mashine kila siku. Na Jumanne nilimshika mwenyewe mtoto wa miezi minane apigwe kifua. Aproni nilivaa. Mama yake naye ni mjamzito, na manesi walishatoka mbio wote.

Nikisema, mwenzangu atabebeshwa zamu zote, nami nitaonekana nakwepa kazi. Mume wangu anataka tunyamaze mpaka miezi mitatu ipite, ndivyo wazee walivyotuzoesha. Nifanyeje?

Kigomani77
Pole dada. Shangazi yangu alifanya kazi hiyo, kila siku alikunywa maziwa nusu lita kusafisha mionzi. Ikishindikana omba likizo hata bila malipo. Mtoto kwanza.

MzeeWaKaliua
Mdogo wangu, hongera sana. Nimepiga picha miaka 22 huku Tabora, nisikilize kwa utulivu.

Maziwa kunywa, yatamfaa mtoto, lakini hayasafishi mionzi. Hakuna cha kusafisha. Picha ikishapigwa, mionzi imekwisha kama taa iliyozimwa, haibaki mwilini wala hewani.

Inayokufikia wewe ni ile inayotawanyika kutoka kwenye mwili wa mgonjwa. Ukiwa mita moja, ni kama sehemu moja ya elfu ya ile iliyompata yeye. Rudi hadi mita mbili, inabaki robo ya hiyo. Mita tatu, moja ya tisa. Ndiyo maana huo waya wa plasta umeniuma kuliko aproni. Waya mzima unatakiwa ukufikishe angalau mita mbili, na usimame pembeni, mbali na njia ya mionzi yenyewe. Ukibana mwanga wa mashine, ule unaoonyesha eneo litakalopigwa, uishie kwenye kifua tu, inayotawanyika inapungua, na mgonjwa naye anaepuka mionzi ya bure.

Ya Jumanne isikunyime usingizi. Kifua cha mtoto kinapigwa kwa dozi ndogo sana ya mionzi, na tumbo lako lilikuwa nyuma ya risasi. Ila usimshike mgonjwa tena.

Sasa swali lako. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka (milisiveti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Ukishamjulisha mwajiri, aliye tumboni anahesabiwa kama raia wa kawaida: isizidi milisiveti 1 kwa muda wote wa mimba uliobaki. Shika hilo neno, *ukishamjulisha*. Ukinyamaza, wanakupanga kama mtu wa 20. Mwandikie mkuu wako barua, peke yake. Kijiji si lazima kijue, na mumeo mweleze hivyohivyo.

NesiUjiji
Dada nimesoma nikaona aibu. Ni kweli tunakimbia na kukuachia mtoto mikononi. Nasi tunaogopa, hakuna aliyewahi kutueleza hayo ya mita mbili. Wodini kwetu nitasema kuanzia kesho: kabla mashine haijaingia, nesi wa zamu amtafute baba au ndugu asiye mjamzito, avae aproni, ndiye ashike.

BintiKasulu
Asanteni, nimelia kidogo. Kaka, beji ya kupimia mionzi ninayo, ila iko kwenye droo tangu Machi.

MzeeWaKaliua
Itoe leo. Ivae kifuani, ndani ya aproni, na uombe nyingine ya tumboni. Beji zinasomwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, Arusha. Bila kuivaa huna cha kuonyesha siku utakapoulizwa. Aproni itundikeni, kukunja kunapasua risasi ya ndani. Ipigeni eksirei yenyewe, nyufa mtaziona.

BintiKasulu
Mrejesho. Barua nimempa asubuhi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nakula vizuri. Kwa sasa nabaki chumbani, nyuma ya ukuta wa risasi, mwenzangu anachukua wodi na mimi nambebea zamu za usiku za chumbani. Aproni tuliipiga: ina ufa wa kiganja kizima, sawa kabisa na usawa wa kitovu.

Waya bado. Kesho nakwenda na futi ya fundi cherehani niupime, niandike urefu wake kwenye barua ya pili.