Paa la zege Chukwani linavuja: lami ya kuchoma, saruji ya kupaka au mpira?

Mkaazi_Chukwani
Asalaam alaykum wanajamvi. Nyumba iko Chukwani, Unguja, karibu na bahari. Paa ni zege bapa, mita 8 kwa 12, lina ukuta wa ukingo na tangi la lita 2,000. Mvua ikikatika maji hutuama katikati hata siku mbili, na dari ya ukumbi imeanza kutoa madoa ya kutu. Nimetajiwa njia tatu: karatasi ya lami ya kuchoma, saruji ya kupaka ya kuzuia maji, au shiti la mpira wa EPDM. Ipi itastahamili jua na chumvi ya huku? Nataka kumaliza kabla ya masika.

FundiZege
Waalaykum salaam ndugu. Madoa ya kutu maana yake nondo zinaliwa. Anza hapo. Gonga dari na paa kwa nyundo. Panapolia mvungu pabomolewe mpaka nondo ionekane kote, isuguliwe kwa brashi ya waya, iliyokonda sana iungwe nyingine, kisha pazibwe kwa mota maalumu ya kutengenezea zege. Ukifunika juu tu, chumvi iliyomo ndani itaendelea kula, na vipande vitakudondokea ukumbini. Mchanga wa pwani usiguse kazi hii.

Halafu mteremko. Angalau 1 kwa 80. Ukimwaga maji pande mbili kutoka katikati, ni mita 4 kila upande, yaani sentimita 5 za kushuka. Mteremko huo ukiumwaga kwa mota, ukaanza na unene wa sentimita 3 ukingoni, wastani ni sentimita 5 na nusu, nao unaongeza karibu kilo 115 kwa kila mita mraba. Mhandisi aseme kwanza kama zege litabeba.

Bwana_Lami
Naongezea kwenye swali lenyewe. Saruji ya kupaka nzuri kwa tangi na chooni, ila juu ya paa lililo wazi ile ngumu inapasuka. Zege la mita 12 likipanda joto kwa nyuzi 30 hurefuka kama milimita 3 na nusu, na likipigwa na mvua ya ghafla husinyaa. Ufa ukifunguka, na rangi ya saruji inafunguka nao. Ukilazimika kuitumia, chukua ile yenye mpira ndani, na utie wavu kwenye kona na nyufa.

EPDM inastahamili jua kuliko zote, lakini maungio yake ni ya gundi na utepe. Sehemu ikiwa na vumbi au unyevu haishiki, na mafuta ya kupikia huiharibu. Bila fundi aliyezoea, usithubutu.

Kwa paa lako ningechagua lami, tabaka mbili za milimita 4, ya juu yenye chembe za mawe. Lami tupu jua huikausha ikapasuka. Karatasi ya mita 1 kwa 10 ikipishana sentimita 10 ubavuni na 15 mwishoni inafunika chini kidogo ya mita 9 za mraba, kwa hiyo weka roli 13 kila tabaka, pamoja na kupanda ukutani sentimita 15 juu ya sakafu iliyomalizika. Praima, ile lami nyepesi ya kupaka kwanza ili karatasi ishike, lita 30 hivi. Tabaka la pili liungane katikati ya la kwanza, sio juu ya maungio yake.

Zege lisiwe na maji ndani. Bandika nailoni ya mita moja kwa utepe pande zote, iache usiku kucha. Ukikuta umande chini yake, subiri. Ukichoma juu ya unyevu, jua linaufanya mvuke na lami inafura malengelenge. Kona ya ukuta na sakafu itiwe mota ya mshazari, isikunjwe pembe kali. Tangi likae juu ya vigingi vya zege vilivyozungushiwa lami, na mifereji ya kutolea maji iwe angalau miwili. Mwisho ziba mifereji, jaza maji sentimita 3, uangalie dari kwa saa 48.

Mkaazi_Chukwani
Shukrani sana. Na nyumba ya mzee Malindi, Mji Mkongwe, paa la boriti na chokaa, nalo nilipige lami?

FundiZege
Hapana bwana. Chokaa inapumua, ukiifunika, unyevu unabaki kwenye boriti na zinaoza vichwani, pale zinapoingia ukutani. Ziba nyufa kwa chokaa ile ile, bila saruji, na kabla ya kugusa kitu omba kibali Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.