Ndege wa Miguu Minane

*Kikundi: Wa Kwa Babu, Dodoma*
*Jumamosi, Aprili*

Baba Mdogo Yohana: Mbukwenyi! Tumefika Hombolo. Mvua imeikatakata barabara, tumekwama mara mbili, ila bwawa limejaa hadi raha.

Bibi: Mbukwa wanangu. Watoto wasikanyage maji, konokono wa kichocho hao.

Neema: Bibi sisi tuko majanini. Anayekanyaga ni Ba'mdogo 😂 kiatu kimoja kimebaki topeni

Baba Mdogo Yohana: Udongo wa mbuga huu, unanyonya mguu kama ndama.

Neema: 📷 Picha

Neema: Nimebandika simu kwenye darubini ya Babu. Jamani huyu ndege ana miguu mingapi?? Nahesabu sita

Baraka: Kuza picha. Minane!

Shangazi Rehema: Toba! Neema futa hiyo, leo silali.

Babu: Tulieni. Ana miguu miwili. Hiyo mingine ni ya vifaranga, kawabana kwapani. Ndege huyo hutembea juu ya majani ya yungiyungi. Vidole vyake virefu mno, uzito unatawanyika, jani halizami. Akishtuka anachuchumaa, watoto wanajichomeka chini ya mabawa, ananyanyuka nao. Vimiguu vinaning'inia kama uzi wa shanga uliokatika.

Shangazi Rehema: Maskini, mama ni mama.

Babu: Mwanangu, huyo ni baba. Mama akishataga anakwenda kwa dume mwingine. Kuatamia na kulea ni kazi ya baba.

Shangazi Rehema: 👀 Baba Baraka, umesoma hapo?

Baba Baraka: Simu inazima chaji.

Baraka: Baba una asilimia 80, niko nawe sebuleni 😭

Baba Mdogo Yohana: Shemeji nakuokoa. Njiani tumeona hondohondo kwenye mbuyu. Jike kajifungia pangoni na mayai, kaziba mlango, kaacha ufa wa kupitisha mdomo tu. Dume kaja na panzi, kampa, karuka. Hata hatujamaliza kumenya mayai yetu ya kuchemsha, karudi na mwingine.

Baba Baraka: Sasa huyo ndiye mwanamume. Anahudumia hadi mlangoni.

Shangazi Rehema: Chaji imerudi?

Neema: 🤣🤣🤣

Babu: Bwawa hilo lilijengwa 1957, mimi bado nachunga ndama. Hatukujua kama ndege watahamia. Sisi tulitaka maji ya ng'ombe.

Shangazi Rehema: Yohana, perege je? Nimeshakatia vitunguu.

Baba Mdogo Yohana: Mitumbwi ndiyo inaingia. Wale wa kiganja nachukua kumi, wakubwa bei imechangamka. Kambale wapo pia.

Bibi: Kambale mniletee mimi. Na kiatu umekipata?

Baba Mdogo Yohana: Nimekipata mama. Ila kina chura ndani, na Neema hataki nimtoe mpaka ampige picha.