Mjadala: Je, mwalimu wa taekwondo ampime mwanafunzi wake mwenyewe mkanda mweusi?

MWANZISHA MADA

Wakuu, hoja yangu naiweka mezani mapema ili asiyeikubali asihangaike kuitafuta: mwalimu aliyemfundisha mtu taekwondo asiwe ndiye anayempa mkanda mweusi. Amfundishe, amwandae, ampeleke kwenye mtihani, kisha akae pembeni. Mikanda ya rangi, kuanzia njano mpaka nyekundu, aendelee kuitoa mwenyewe. Mweusi hapana.

Najua nagusa mifuko ya watu. Tuvumiliane.

Tuanze na Korea Kusini kwenyewe, nyumbani kwa taekwondo. Mtoto wa shule ya msingi Seoul akitoka darasani, mara nyingi gari dogo la dojangi, yaani ukumbi wa mazoezi ya taekwondo, linamsubiri getini, kwa sababu wazazi wako kazini mpaka jioni. Huko dojangi ataruka kamba, atacheza, atapiga mateke, atafundishwa kuinama kwa heshima. Baada ya kama mwaka mmoja anaonekana yuko tayari kwa mtihani. Mwaka mmoja! Wengi wetu huku tukisikia hivyo tunaguna, maana tumezoea kuambiwa miaka mitatu, minne, hata mitano.

Lakini acheni muda kwanza, tazameni anapimwa na nani. Hapimwi na mwalimu wake. Mitihani huendeshwa na vyama vya taekwondo vya miji na mikoa kwa niaba ya Kukkiwon, makao makuu ya vyeti yaliyofunguliwa Gangnam, Seoul, mwaka 1972. Mtoto anaitwa kwa namba. Mbele yake kuna meza ya watu wasiomjua, hawajui baba yake anadaiwa ada ya miezi mingapi wala hawajui kwamba ana hasira akishindwa. Anafanya pumse, yaani mfululizo wa mapigo uliopangwa, ile ya Taegeuk ya nane, na nyingine moja atakayotajiwa kati ya zile saba za mwanzo, kwa hiyo hawezi kukariri mbili tu akaja nazo. Kisha anavaa hogu, ile kinga ya kifua, na kupigana. Mwalimu wake yuko kwenye viti na wazazi, anauma kucha kama wao.

Na akifaulu akiwa hajafika miaka 15, hapewi dan, yaani daraja la mkanda mweusi. Anapewa poom, daraja la watoto, na mkanda wake ni nusu nyekundu nusu nyeusi. Ndiyo maana kule hakuna anayeshtuka akimwona mtoto wa miaka tisa amefaulu. Wanajua ni mtoto, na ukimwuliza Mkorea wa kawaida atakwambia hiyo ni hatua ya kuanzia tu. Kwa miaka mingi hata vijana walioingia jeshini walitarajiwa kuifikia dan ya kwanza wakiwa humo humo kambini.

Sasa vukeni bahari. Nje ya Korea, utaratibu wa kawaida ni kwamba mwenye dan ya nne na kuendelea anaweza kuwapima wanafunzi wake na kuomba vyeti vyao Kukkiwon. Yaani mtu mmoja anafundisha, anapanga tarehe ya mtihani, anakaa mezani, anaamua nani kafaulu, anakusanya ada, anatuma majina. Cheti kinakuja kutoka Seoul kizuri kabisa, kina namba na muhuri, lakini waliokitoa hawajamwona huyo mtu akinyanyua hata goti.

Mwalimu wa darasa la saba hasahihishi mtihani wa taifa wa wanafunzi wake, hata awe mwadilifu kiasi gani. Hatumtukani kwa kumzuia. Tunamwondolea jaribu.

Na jaribu lipo. Anayeishi kwa ada za mazoezi anajua kwamba mwanafunzi aliyefelishwa huhamia kwa jirani. Jirani naye anajua hivyo hivyo. Matokeo yake mtu anavaa mkanda mweusi na ukimwambia afanye pumse ya tatu anakwambia "ile nimeisahau kidogo". Nimewaona.

Karibuni.

KOCHA WA PWANI

Ndugu yangu, nakuheshimu, ila wewe unaongea kama mtu aliyezoea kufundisha mjini kwenye ukumbi wenye sakafu ya mbao.

Nikupe mfano mmoja tu. Parfait Hakizimana, Mrundi, aliumizwa mkono akiwa mtoto katika vita vya kwao, na mamake akauawa. Mwaka 2015 akakimbilia Rwanda, na katika kambi ya wakimbizi ya Mahama akaanza kuwafundisha taekwondo wakimbizi wenzake, wakubwa kwa wadogo. Mwaka 2021 alikwenda Tokyo kwenye Michezo ya Paralimpiki katika timu ya wakimbizi. Haya, niambie: wanafunzi wa mwalimu kama huyo, nani atafunga safari kwenda kambini kuwapima? Na mkimbizi ataruhusiwa kutoka kambini kwenda kupimwa wapi, kwa nauli ya nani?

Kanuni yako ni nzuri mahali ambapo kila mtaa una dojangi na kila mkoa una chama chenye ofisi. Korea wanaweza. Mwaka 2018 bunge lao liliitangaza taekwondo kuwa mchezo wa taifa kisheria. Wana barabara, wana magari, wana wapimaji. Mimi nina mkeka uliochanika na mwanafunzi anayekuja mazoezini baada ya kushusha samaki.

La pili. Ule mtihani wa dakika chache hauoni kitu. Mimi ndiye ninayejua kijana gani alimpiga mdogo wake, nani anakuja mapema kufagia, nani akiumia anarudi. Mpimaji mgeni ataona teke tu. Sisi hatufundishi teke tu.

MKANDA MWEKUNDU

Mwanzisha mada nakuunga mkono asilimia mia. Pale nilipoanzia tulitangaziwa mtihani na tarehe ya sherehe ya kuvishwa mikanda kwa wakati mmoja, na picha zimeshalipiwa. Sasa huo ni mtihani au ni harusi?

ANAYEPITA

Mmechagua kituo kibaya cha kukimbilia. Mnasema tusimwamini mwalimu wa mtaani, tuwaamini wakubwa. Wakubwa gani?

Mwaka 2013 shirikisho la dunia la taekwondo lilimpa Vladimir Putin mkanda mweusi wa heshima wa dan ya tisa. Mwaka 2022, alipoivamia Ukraine, wakamnyang'anya. Kabla hata hilo halijatokea, Novemba 2021, rais wa Kukkiwon alifunga safari hadi Florida akampa Donald Trump dan ya tisa ya heshima. Watu wanatoa jasho maisha yao yote hawaifikii, mwingine anapelekewa nyumbani akiwa amevaa suti.

Na aliyezijenga taasisi hizo mbili, Kim Un-yong, rais wa kwanza wa Kukkiwon na wa shirikisho la dunia lililoundwa 1973, mwaka 2004 mahakama ya nchi yake ilimtia hatiani kwa ubadhirifu ikamfunga. Huyo huyo ndiye aliyeifikisha taekwondo kwenye Olimpiki, sikatai. Lakini kupeleka madaraka juu si dawa ya rushwa. Unaihamisha tu.

Halafu hiyo mitihani ya Korea unayoisifia, karibu wote wanafaulu. Meza ya wageni wanaopitisha kila mtu ina faida gani?

MWANZISHA MADA

Anayepita, mkanda wa heshima ni zawadi ya siasa. Trump hakufanyiwa mtihani na mtu yeyote, wala hatakwenda kufungua dojangi na kukusanya watoto wa watu. Ni aibu, nakubali, ila ni aibu ya aina nyingine. Hili la kufaulu karibu wote ndilo lenye uzito, na sina haja ya kulikwepa: wanafaulu kwa sababu mwalimu hathubutu kumpeleka mbele ya wageni mtoto ambaye hajaiva. Aibu itamrudia yeye mbele ya walimu wenzake. Meza ya wageni inafanya kazi kabla ya siku ya mtihani.

Na kumbukeni ulingoni tulishapita njia hii hii. Beijing 2008, malalamiko juu ya waamuzi yalizidi. Mcuba Ángel Matos alimpiga mwamuzi teke la uso akafungiwa maisha. Kufika London 2012 wapiganaji walikuwa wamevaa hogu za kielektroniki zinazohesabu zenyewe, na kocha anaweza kuomba marudio ya video. Hakuna aliyesema waamuzi wote ni wezi. Tulisema jicho la mtu mmoja halitoshi. Na hata kabla ya mitambo hiyo, hakuna siku kocha aliruhusiwa kumhesabia pointi mchezaji wake. Kwa nini tumruhusu kwenye mkanda?

Kocha wa Pwani, kuhusu tabia uko sahihi, na kwa hiyo wewe ndiye unayeshika mlango: usiyemwamini usimpeleke mtihani. Hakuna mgeni atakayekulazimisha umpeleke. Kuhusu Mahama, hilo umenibana, nitalirudia.

MZAZI WA WAWILI

Samahani kaka zangu, mimi si mchezaji. Wanangu wawili wako kwenye taekwondo, wa miaka minane na kumi na mmoja. Kila baada ya miezi michache kuna mtihani wa mkanda na kila mtihani una ada yake. Sasa mkubwa ameambiwa yuko tayari kwa mweusi. Kwa ninavyowasoma hapa, kwa umri wake anastahili hicho mnachokiita poom. Mwalimu hajawahi kulitaja neno hilo. Niulize nini bila kumvunjia heshima? Watoto wanampenda sana na mimi sitaki kuwavunja moyo. Huyu wa kumi na mmoja alikuwa hasemi na watu kabisa kabla ya mazoezi.

KOCHA WA PWANI

Dada, hilo la mwisho ulilosema lina thamani kuliko mkanda wowote, usilipoteze. Muulize mwalimu swali moja kwa adabu: "Cheti kitatoka wapi?" Kama ni Kukkiwon, mtoto wa miaka 11 atapata poom, na cheti kitakuwa na namba inayoweza kuhakikiwa huko huko. Akifika miaka 15 anaweza kuibadilisha iwe dan. Kama cheti ni cha klabu yenyewe, si dhambi, ila ujue hakitambuliki nje ya geti lao, na ada yake isiwe kama ya cheti cha Seoul.

MFUASI WA CHON-JI

Mnasema taekwondo mnamaanisha Seoul tu. Sisi wa ITF, shirikisho jingine la kimataifa la taekwondo, tupo pia, tuna mifululizo yetu 24 badala ya pumse zenu, tunapiga ngumi za uso ambazo nyinyi mmezipiga marufuku. Shirikisho letu liliundwa 1966, miaka saba kabla ya lenu.

Ila niseme ukweli kwa upande wetu: tangu mwanzilishi wetu, Jenerali Choi Hong Hi, afariki 2002 tumegawanyika, na leo kuna zaidi ya shirikisho moja linalojiita ITF. Sasa nikisema "mpimaji wa nje", atoke upande upi? Akija wa kundi jingine atamfelisha kijana wangu kwa namna anavyopanda na kushuka wakati wa kupiga hatua, si kwa sababu hajui. Mwanzisha mada hajaligusa hili kabisa.

MWANZISHA MADA

Mfuasi, kila kundi lipimane ndani ya kundi lake. Sidai mtu wa ITF apimwe na mtu wa Kukkiwon, hata pumse zenyewe ni tofauti. Nadai asipimwe na aliyemfundisha. Basi.

Mahama sasa. Sehemu kama hiyo haiwezi kusubiri chama kiwe na bajeti, na mwalimu anayejitolea bila ada hana lile jaribu nililolitaja, kwa hiyo kumbana yeye wa kwanza itakuwa dhuluma. Nabadilisha maneno ya hoja: popote mtihani unapotozwa ada, anayepokea ada asikae mezani. Mwalimu wa bure aachwe mpaka wapimaji wawe tayari kumfuata alipo. Kwa wengine hatuhitaji hata ofisi. Walimu watatu wa miji jirani wabadilishane: mimi nipime wako, wewe upime wa yule, yule apime wangu. Kukkiwon hawakatazi mwalimu kuwaita wenzake mezani. Ni sisi tusiotaka kuitana.

ANAYEPITA

Watatu marafiki watapitishiana wote kwa zamu. Leo kwako kesho kwangu.

MKANDA MWEKUNDU

Basi mtihani uwe wa wazi, wazazi na wanafunzi wa klabu nyingine waingie bure, na pumse itajwe kwa kura pale pale. Ukimpitisha mtu anayetangatanga mbele ya ukumbi uliojaa, wote tumekuona.

KOCHA WA PWANI

Kwa hilo la ada naanza kukuelewa, na la kura nalipenda, tena wala si jipya kwa Wakorea. Mimi nina vijana wanne ninaowaona wako tayari. Niko tayari wapimwe na mwalimu mwingine, ila kwa masharti mawili. Kwanza, mpimaji aje hapa, wasiende wao. Mmoja wao ni mvuvi, akikosa bahari siku mbili nyumbani hakuliki. Pili, mpimaji naye aweke cheti chake mezani kabla hajakaa. Kutoka dan ya kwanza hadi ya nne kanuni za Kukkiwon zinataka mwaka mmoja, kisha miwili, kisha mitatu, yaani miaka sita kwa uchache. Nimekutana na "mamasta" waliozitembea zote ndani ya miaka miwili. Hao wasinijie.

MZAZI WA WAWILI

Nimemuuliza mwalimu. Amesema cheti ni cha klabu. Hakukasirika, amesema ada ya Seoul wazazi wengi hawaimudu. Nimemwambia basi mtoto abaki na mwekundu, aendelee na mazoezi, na ada ya mtihani tutaiweka mpaka ifike ya cheti chenyewe. Amekubali. Sasa Kocha wa Pwani, hao wapimaji mkiwapata, mtoto wa nje ya klabu yako anaruhusiwa kuja?

KOCHA WA PWANI

Aje na mwalimu wake. Bila mwalimu wake simpokei.