Mnajuaje kiwango cha maji ya Mathioya kabla ya kuondoka nyumbani?

Kasia_Thika:

Wadau, hamjambo. Nakaa Thika, nina kayaki ya plastiki niliyoinunua ikiwa mtumba, na wikendi nyingi mimi na kaka yangu tunaifunga juu ya gari tunaelekea upande wa Murang'a. Sagana hainisumbui. Pale watu wa mitumbwi ya mpira wapo kila wikendi, ukipiga simu unaambiwa maji yakoje. Shida yangu ni Mathioya. Mto wenyewe ni mwembamba, umejaa mawe, na hauna katikati: ama unakwaruza chini mpaka unashuka na kubeba kayaki begani, ama umefura, rangi yake ni ya chai ya maziwa, na huoni pa kusimama.

Juzi tumeweka mafuta, tumefika, tumechungulia kutoka darajani, tukageuza gari. Simu ilikuwa imeniambia Murang'a hakuna mvua, na kweli jua lilikuwa linachoma. Wiki moja kabla yake simu ilisema mvua kubwa, na mto ulikuwa chini kabisa.

Nauliza: kuna mahali mtu anaweza kuona kiwango cha maji akiwa nyumbani? Nasikia Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA, ina vipimo mitoni. Kuna anayepata takwimu zao za leo, si za mwaka jana? Na ninyi mliozoea, mkifika ukingoni mnatazama nini hasa? Dada yenu nataka kuacha kuchoma mafuta bure.

Mzee_wa_Kingo:

Karibu, dada. Kazi yangu ni kuongoza wageni mtoni, Sagana hasa, na Mathioya ukikubali. Jibu langu utaliona la kizamani: kipimo utakachokiamini ni kile ulichokichora mwenyewe kwenye jiwe. Lakini tuanze na mvua, maana hapo ndipo simu inakudanganya.

Mvua ya Murang'a mjini haikuhusu sana. Mathioya unatoka Aberdare kwa matawi mawili, la Kaskazini na la Kusini, na maji unayopigia kasia yamenyesha huko juu, msituni na kwenye mashamba ya chai. Kwa hiyo kwenye simu yako ondoa Murang'a, weka Kangema na sehemu zilizo juu yake. Tena mvua za milimani hupenda kushuka alasiri na jioni. Maji yanateremka usiku nyinyi mmelala. Asubuhi mnaamka na jua, mto umejaa, mnasema simu ni mwongo. Simu ilisema kweli, ila ilisema habari za mahali pengine.

Halafu kuna udongo. Milimita 30 zikinyesha mwanzoni mwa Machi, ardhi ikiwa kavu, inazinywa zote na mto hata haukohoi. Milimita hizo hizo mwishoni mwa Aprili, udongo umeshiba, nyingi zinashuka moja kwa moja mtoni. Ndiyo maana siulizi jana ilinyesha kiasi gani. Nauliza wiki nzima imekuwaje. Na mvua za vuli zisikutie moyo upesi: mvua ya mwanzo ya Oktoba ni ya udongo, mto unapata zamu yake baadaye.

WRA wana vituo, ni kweli. Nchi imegawanywa kwa mabonde, bonde la Tana, ambamo Mathioya umo, ni namba 4, kwa hiyo msimbo wa kituo chochote cha huku unaanza na 4. Vingi ni ubao wenye sentimita uliosimamishwa ukingoni, na kuna mtu wa karibu anayeusoma na kuandika kwenye daftari. Kwa anayepanga bwawa au mradi wa kunyunyizia mashamba, daftari lile ni mali. Kwa anayetaka kuingia majini kesho asubuhi, takwimu zinafika ofisini wakati maji yake yameshafika Kipini, Tana inapoingia baharini. Lakini ubao wenyewe unaonekana na kila mtu. Ukiukuta, upige picha, andika tarehe na saa, kisha andika mto ulikuwaje siku hiyo ulipoushuka. Hapo kipimo cha serikali kimekuwa chako.

Onyo moja: ubao ukisoma mita 1.20 haina maana kwamba kina ni mita 1.20. Sifuri yake iliwekwa mahali palipomfaa aliyeusimamisha. Wenye kazi yao wanapima kasi na upana wa mto mara nyingi, wakati wa kiangazi na wakati wa mafuriko, wanatengeneza jedwali la kugeuza urefu kuwa mita za ujazo kwa sekunde. Mafuriko makubwa yakihamisha mawe, au wachimba mchanga wakishusha sakafu ya mto, jedwali linaanza kusema uongo mpaka lipimwe upya. Kwa hiyo mtu akikwambia "Mathioya ni mzuri ukiwa mita fulani", muulize kwanza: tangu lini?

Sasa ukingoni. Mimi kabla ya kufungua hata kamba ya mzigo nashuka mpaka maji yalipo na kutazama mawe. Mto ukiwa unashuka, jiwe lina utepe wa unyevu juu ya uso wa maji, upana wa kiganja au zaidi, na juu ya utepe huo kuna tope laini ambalo bado halijapasuka. Takataka zimelala ukingoni zimejipanga mstari. Mto ukiwa unapanda, hakuna utepe. Maji yanagusa jiwe kavu moja kwa moja, nyasi za kijani ziko ndani ya maji na bado zimesimama, na katikati ya mto yanapita majani makavu, vijiti, mabua ya mgomba, chupa za plastiki. Hayo ni mambo ambayo mto unayaokota kwenye kingo ambazo haujazigusa kwa siku kadhaa. Nikiyaona hayo, siangalii tena kiwango ni kipi. Nafunga mzigo.

Nikiwa na shaka, nachomeka kijiti palipoishia maji, nakwenda kunywa chai, narudi baada ya nusu saa. Kijiti kikiwa ndani ya maji, wageni wangu wataenda kula samaki Sagana, na watalalamika, na sijali.

Rubani_wa_Jinja:

Mzee amesema vizuri, lakini wanaosoma huku Uganda wasichukue hayo ya mvua. Kwenye Nile ya Jinja mvua ya jana haibadilishi kitu unachoweza kukiona. Maji yetu yanatoka Ziwa Victoria kupitia mabwawa: Nalubaale, ambalo liko tangu 1954, na Kiira, kisha Bujagali. Kiasi kinategemea ziwa liko wapi na umeme unahitajika kiasi gani. Mto unaweza kupanda mchana mweupe bila wingu hata moja, kwa sababu tu mtu amefungua milango. Kwa hiyo sisi hatutazami mbingu, tunapiga simu. Na mnajua tulivyopoteza maporomoko yenyewe: Bujagali ilizama bwawa lilipojaa, Isimba nalo likaja 2019 likachukua mengine. Itanda bado ipo. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika, sehemu nilizozijua kwa macho yaliyofumbwa nilianza kuzisoma upya.

Fundi_Ramani:

Kasia_Thika, ukitaka kitu cha kutazama nyumbani, kuna njia mbili ambazo ni bure. NASA wanatoa makadirio ya mvua kutoka angani, yanaitwa IMERG: kila nusu saa, miraba ya takriban kilomita 10, na toleo la haraka linachelewa muda wa saa nne hivi. Ukilitazama usiku wa Ijumaa, mvua ya alasiri kule Aberdare utaiona. Ya pili ni GloFAS ya Ulaya, inayokadiria maji ya mitoni siku kadhaa mbele. Google nao wana ramani yao ya mafuriko inayofika Kenya.

Mzee_wa_Kingo:

Fundi, hiyo ya mvua nakubaliana nawe, hata mimi kijana wangu amenionyesha na siku hizi naitazama. Hiyo ya makadirio ya mto mpe mtu wa Garissa, inamfaa: Tana kule ni mpana na maji yanachukua siku kufika. Mathioya upana wake ni kama kayaki tatu zikipangwa ncha kwa ncha. Mraba mmoja wa ramani unameza mto, daraja, mlima na soko.

Mkenya_Richmond:

Salamu kutoka Virginia. Huku mnaweza kutuonea wivu: shirika la jiolojia la Marekani, USGS, lina vipimo mitoni vinavyopima kila dakika 15 na kutuma kwenye mtandao, urefu kwa futi na ujazo kwa futi za ujazo kwa sekunde. (Mita moja ya ujazo ni futi 35.3, mkitaka kulinganisha.) Mto James unaopita katikati ya mji wetu wa Richmond una kipimo cha Westham, na sheria ya mji imefungwa nacho: ukifika futi 5 ni lazima uvae jaketi la kuokoa maisha, na kuanzia futi 9 huingii bila kibali. Nambari moja, kila mtu anaijua, hata wasiopiga kasia.

Lakini vijito vidogo huku pia havina mashine. Zamani kulikuwa na mzee wa hapa Virginia, Randy Carter, aliyekuwa akipaka vipimo vya rangi kwenye nguzo za madaraja. Hakuweka sifuri kwenye sakafu ya mto. Aliiweka pale ambapo mto unaanza kupitika. Ukikuta maji chini ya sifuri, unarudi nyumbani. Ukikuta juu, unajua una kiasi gani cha ziada. Dada, fanya hivyo hivyo.

Kasia_Thika:

Asanteni sana, na shikamoo Mzee. Hiyo ya sifuri imenikaa. Sasa niambieni nichore wapi. Darajani, au pale tunapoingilia? Na kama nataka kujua ujazo, angalau kwa kukisia, inawezekana bila mashine?

Mzee_wa_Kingo:

Marahaba. Usichore darajani. Kwanza nguzo za daraja zina wenyewe na utaulizwa. Pili, maji yanajipandisha upande wa juu wa nguzo na kushuka upande wa pili, utasoma vitu viwili kwenye nguzo moja. Tafuta jiwe lililoshikana na mwamba, lisilohamishika, kwenye maji yaliyotulia, juu kidogo ya mahali ambapo mto unabanwa na mawe na kuanza kukimbia. Huko maji yakiongezeka kidogo mstari unapanda wazi, na mawe ya pale kwenye mbano hayahami kila msimu. Penye mchanga usipaguse. Chora kwa rangi ya mafuta wakati wa kiangazi, jiwe likiwa kavu kabisa, kila sentimita 10, na anza chini kabisa hata kama leo unaona ni mbali. Sifuri utaihamisha baadaye ukishapita na kujua wapi kayaki inaacha kukwaruza.

Ujazo unakisiwa kwa chungwa. Chungwa linaelea limezama karibu lote, upepo haulisukumi. Pima mita 20 za mto ulionyooka, litupe katikati juu kidogo ya mwanzo, hesabu sekunde. Tuseme sekunde 16: hiyo ni mita 1.25 kwa sekunde. Mto una upana wa mita 10 na kina cha wastani cha sentimita 60, basi eneo ni mita 6 za mraba. Zidisha, kisha zidisha tena kwa 0.85 ili kupunguza, kwa sababu juu maji yanakimbia kuliko chini. Unapata kama mita 6.4 za ujazo kwa sekunde. Rudia na machungwa matatu manne. Kina kipimwe maji yakiwa machache, si siku ya kufura, tafadhali.

Na picha ya Ijumaa jioni: tafuta mtu anayepita pale kila siku hata usipokuwepo. Mimi nina mama anayechota maji ya kunyweshea ng'ombe wake. Ananipigia picha ya jiwe saa kumi na mbili jioni, natuma pesa ya bando. Jumamosi asubuhi ananipigia nyingine. Picha mbili ndizo zenye maana, moja haikwambii mto unaelekea wapi.

Kasia_Thika:

Nimeelewa. Kiangazi cha Februari tutakwenda na kopo la rangi. Mzee, nikutumie mahali pa jiwe uangalie?

Mzee_wa_Kingo:

Tuma. Na upige picha ukiwa umesimama ng'ambo, ili mbano wa mawe uonekane.